Ndoa ya Minnesota haiwezi kufuta ile ya Nyamira

SAFARI ya mtoto anayekwenda kusoma Marekani ni mzigo wa ukoo mzima katika kaunti za Kisii na Nyamira. Mzazi huuza ng'ombe, hukodisha shamba la majani chai, kisha huandaa mchango ambapo majirani na waumini wa kanisa hutoa walicho nacho. Kijana huyo anapopanda ndege, hubeba deni ambalo halikuandikwa popote.

Deni hilo ndilo linaloeleza kwa nini wengi hawarudi. Wanafunzi 81 waliosafiri kwa ndege ya kwanza iliyoandaliwa na Tom Mboya na wenzake mnamo Septemba 1959 walijua kuwa nchi iliyokaribia uhuru iliwasubiri kwa kazi. Mhitimu wa leo anajua kwamba nyumbani ajira ni haba, na shamba la babake limegawanywa hadi likawa vipande. Ilhali katika Brooklyn Park na Brooklyn Center, vitongoji vya Minneapolis jimboni Minnesota ambako Abagusii wengi wamelowea, kazi za kuwatunza wazee na wagonjwa hazikosekani.

Kizingiti ni visa. Ile ya mwanafunzi, iitwayo F-1, hutolewa kwa anayemridhisha afisa wa ubalozi kwamba atarudi kwao. Mwenye visa hiyo haruhusiwi kufanya kazi chuoni kwa zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Akikosa karo na kuacha masomo, amepoteza uhalali wa kukaa. Hapo ndipo neno ndoa huanza kunong'onwa.

Ifahamike kwamba njia hiyo yenyewe si haramu. Sheria ya Marekani humhesabu mume au mke wa raia kuwa jamaa wa karibu, asiyewekewa kikomo cha idadi kila mwaka. Mwanafunzi aliyeingia nchini humo kihalali anaweza kuomba ukaazi wa kudumu bila kuondoka, hata ikiwa muda wake ulikwisha. Anayefunga ndoa na mtu mwenye kadi ya kijani tu, asiye raia, hana nafuu hiyo. Huenda akasubiri foleni, na kukaa bila kibali kwaweza kumfungia mlango.

Raia huwasilisha fomu I-130, naye mwanafunzi I-485, ambayo ada yake ilipandishwa hadi dola 1,440 mnamo Aprili 2024. Ikiwa ndoa haijatimiza miaka miwili siku ombi linapokubaliwa, kadi inayotolewa ni ya masharti, ya miaka miwili. Katika siku 90 za mwisho, wawili hao hulazimika kuthibitisha tena kwamba wanaishi kama mume na mke: akaunti ya pamoja, mkataba wa nyumba, kodi, watoto.

Anayelipa mtu ili amuoe kwa ajili ya karatasi hucheza na moto. Tangu sheria ya 1986, ndoa ya ulaghai huadhibiwa kwa kifungo cha hadi miaka mitano na faini ya hadi dola 250,000. Lililo zito zaidi ni kwamba aliyepatikana na hatia hiyo katika rekodi za uhamiaji huzuiwa kunufaika na ombi jingine la jamaa, hata akija kuoa kwa mapenzi ya kweli.

Lakini kwa maoni yetu, hatari kubwa kwa familia za Kisii na Nyamira imejificha kwingine. Wapo vijana wanaosafiri wakiwa tayari wameoa kimila. Wazee wa pande mbili wameketi, ng'ombe wa mahari wametolewa, na mke amebaki bomani kwa wakwe. Ndoa hiyo hutajwa katika fomu ya visa, kwani mke na watoto ni ushahidi kwamba msafiri ana sababu ya kurudi. Miaka mitatu baadaye, mtu yuleyule hujiita kapera katika ombi la ukaazi. Fomu ya kwanza haitupwi. Huhifadhiwa, na afisa huweza kuziweka mbili hizo sambamba.

Familia nyingine hujifariji kwamba ndoa isiyo na cheti si ndoa. Hilo ni kosa. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inatambua ndoa za kimila, na shughuli ya kuzisajili ilianza Agosti 2017. Sheria hiyo hiyo inamkataza aliye katika ndoa inayoruhusu wake wengi kufunga nyingine ya mke mmoja. Marekani nayo huitazama ndoa kwa sheria ya mahali ilikofungwa, na haikubali ndoa ya pili wakati ya kwanza ingali hai. Jambo la kusikitisha ni kwamba afisa wa kigeni huenda akaiheshimu mahari ya Nyamira kuliko wazee walioipokea.

Anayeumia kwanza ni mke aliyebaki. Huambiwa avumilie, kwamba ni karatasi tu. Watoto wake nao hawapati ukaazi moja kwa moja. Yule raia ndiye anayepaswa kuwaombea kama watoto wa kambo. Atawaombeaje watoto ambao hakuambiwa kuwa wapo?

Walio ng'ambo nao wana haki wasizozijua. Mwenye kadi ya masharti anayepigwa, au ambaye ndoa yake ya kweli imevunjika, anaweza kuomba kuondolewa masharti bila sahihi ya mwenzake. Hakuna sheria inayomtaka mtu avumilie kipigo ili apate kadi.

Kwa upande mwingine, nafasi ya kukosea imepungua. Mwongozo wa idara ya uhamiaji ya Marekani wa Agosti 2025 ulisisitiza kwamba kukubaliwa kwa ombi la jamaa pekee hakumpi mtu kibali cha kukaa, na kwamba asiye na uhalali anaweza kufunguliwa kesi ya kuondolewa nchini.

Hivyo basi, kabla ya mchango kuitishwa, wazee na waulize maswali yasiyopendeza. Kijana huyu ana mke? Ndoa hiyo imesajiliwa? Karo ya mwaka wa pili itatoka wapi? Aliyeachana na mwenzake na apate talaka inayotambulika kisheria kabla ya kuoa kwingine, na mke anayebaki aelezwe ukweli mapema. Ukoo uliouza ng'ombe ili kijana asome hauna haki ya kumdai auze na ndoa yake.