Maji ya migodi hayajui mpaka wa jimbo: Haut-Lomami iulize nini juu ya Lualaba?

Katika masoko ya Kamina, samaki wengi wanatoka upande wa Bukama, Kinkondja na Malemba-Nkulu. Wanafika kwa treni, kwa pikipiki, wengine kwa kinga, na jioni wanakuwa mboga ya bukari. Mama mnunuzi anaangalia ukubwa, harufu na bei. Lakini kuna kitu hawezi kukiona kwa macho: maji ambamo samaki huyo alikulia yalipita wapi mbele ya kufika Bukama.

Yalipita Kolwezi. Lualaba inaanzia kusini, karibu na mpaka wa Zambia, inapita katika eneo la migodi ya shaba na kobalti, kisha inashuka Bukama na kuingia katika bonde la maziwa ya Upemba na Kisale. Mto Lufira, wenye kukusanya maji ya upande wa Likasi, nao unamwagikia Kisale. Ni kusema mito miwili mikubwa ya migodi ya Katanga ya zamani inakutana ndani ya Haut-Lomami. Kamina iko mbali na mashimo hayo, lakini sahani yake haiko mbali.

Mambo mawili ya mwaka 2025

Tarehe 4 Novemba 2025, maji ya bwawa la taka la kampuni ya Congo Dongfang International Mining, CDM, tawi la kampuni ya Kichina Huayou Cobalt, yalimwagika ndani ya mitaa ya Lubumbashi. Waziri wa Migodi, Louis Watum Kabamba, alifika mahali na kusimamisha kazi za kampuni kwa miezi mitatu.

Maji yale hayakushuka Bukama. Mito ya Lubumbashi inakwenda Kafubu, halafu Luapula. Lakini ramani haiishi pale. Luapula inaingia ziwa Moero, inatoka kwa jina la Luvua, na Luvua inakutana na Lualaba pale Ankoro, jimbo la Tanganyika. Mwendo huo ni mrefu, na maji mengi yanapunguza nguvu ya sumu. Hata hivyo unaonyesha kwamba katika nchi hii hakuna mto wa mtu peke yake.

Miezi michache mbele, tarehe 18 Februari 2025, bwawa la taka la Sino-Metals Leach Zambia lilibomoka karibu na Chambishi, ng'ambo ya mpaka. Lita milioni 50 hivi za maji ya asidi ziliingia kijito chenye kwenda mto Kafue. Samaki waliokufa walionekana mpaka kilometa 100 kufuata mto, na mji wa Kitwe ulikatiwa maji ya bomba. Serikali ya Zambia ilituma mpaka ndege kumwaga chokaa mtoni ili kuvunja ukali wa asidi.

Wakaaji wa Kasai wanaijua hadithi hiyo. Mwaka 2021, taka za mgodi wa almasi wa Catoca, Angola, zilishuka mto Tshikapa mpaka Kasai, na maji yakabadilika rangi. Waziri wa Mazingira wa wakati ule, Eve Bazaiba, alitangaza vifo vya watu 12 na maelfu ya wagonjwa wa kuhara. Walioumia walikuwa wenye kukaa chini ya mto, katika nchi nyingine kabisa.

Rangi inapotea, tope linabaki

Maji yakibadilika rangi na samaki wakielea, kila mtu anajua kuna shida. Hatari yenye kudumu ni ile isiyo na rangi. Chokaa inavunja asidi, lakini haiondoi shaba, kobalti, risasi wala kadmiamu. Inavifanya vigande na kutulia chini. Vinakuwa tope. Mvua kubwa ikikoroga tope, au maji yakigeuka tena kuwa ya asidi, vinaanza kutembea upya. Metali haiozi kama jani la muhogo.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walipima mkojo wa wakaaji wa kusini mwa Katanga. Matokeo yaliyotoka mwaka 2009 yalionyesha kwamba wenye kukaa chini ya kilometa 3 kutoka migodi au viwanda vya kuyeyusha walikuwa na kobalti nyingi sana mwilini kupita wale wa mbali. Mwaka 2010, utafiti mwingine ulifuata metali katika Lufira ya juu, toka maji mpaka viumbe wenye kuliwa. Tafiti hizo hazisemi kwamba kila samaki wa Kisale ni mbaya. Zinasema kwamba metali za migodi zinaweza kupanda ngazi: toka maji mpaka tope, toka tope mpaka mdudu, toka mdudu mpaka samaki, na mwisho mpaka mtu.

Kuna ndugu wa metali hizo ambao dunia inawazungumzia sana sasa: kemikali za kundi la PFAS, zenye kutumiwa katika povu la kuzimia moto kwenye viwanja vya ndege na viwandani, katika nguo zisizoshika maji na sufuria zisizogandisha chakula. Nazo haziozi. Ubelgiji ilijifunza kwa uchungu. Mwaka 2021 wakaaji wa karibu na kiwanda cha 3M kule Zwijndrecht waliambiwa wasile mayai ya kuku wa nyumbani kwao. Julai 2022 kampuni ilikubaliana na serikali ya Flanders kulipa euro milioni 571. Kilicholeta pesa hiyo mezani ni vipimo: vya udongo, vya mayai, vya damu ya watu. Malalamiko peke yake yasingetosha.

Pesa inabaki juu, maji yanashuka

Hapa ndipo siasa inaingia. Mpaka mwaka 2015, Kolwezi, Bukama na Kamina zilikuwa chini ya gavana mmoja, Lubumbashi. Kisha Katanga ikagawanywa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Ofisi ziligawanywa, magari yaligawanywa. Mto haukugawanywa.

Sheria ya migodi iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa ada ya madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo lenye mgodi, 15 kwa mji, sekta au usultani wenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kampuni inapashwa pia kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zenye kuguswa na mradi. Hesabu hiyo inafuata mahali shimo liko. Haifuati mahali maji yanafika. Jimbo la Lualaba linapokea pesa ya mgodi wa Kolwezi. Mvuvi wa Bukama anapokea maji tu.

Sheria hiyo haikumwacha mvuvi mikono mitupu. Kifungu cha 285 bis kinasema mwenye haki ya mgodi analipa hasara aliyowaletea watu, mali na mazingira kwa kazi zake, hata kama hakufanya kosa wala uzembe. Kinachobaki kwa mwenye kudai ni kuonyesha vitu viwili: hasara iko, na imetoka kule. Kama hakuna aliyepima Lualaba pale Bukama mwaka jana, kampuni itajibu kwa urahisi kwamba metali ilikuwa mtoni tangu zamani, au kwamba ni ya jirani. Na kwa sehemu itakuwa inasema kweli, kwani ardhi ya Katanga yenyewe ina shaba, na Gécamines na Union Minière mbele yake walichimba miaka mingi. Kipimo cha kwanza, kile chenye kufanywa siku hakuna ajali, ndicho chenye kutenganisha cha zamani na kipya.

Kupima kunaanza na nini

Kazi hii haianzi na laboratwari kubwa. Kuna vifaa vidogo vya mkononi vyenye kupima ukali wa asidi na wingi wa chumvi ndani ya maji. Mtu aliyefundishwa, wa shirika la raia, wa sekta ya afya au mwalimu wa sekondari, anaweza kuandika namba mbili hizo kila juma, mahali pamoja, saa moja, ndani ya daftari moja. Namba ikiruka ghafla, ndipo chupa zinajazwa, zinaandikwa tarehe na mahali, na kupelekwa laboratwari kutafuta metali.

Pointi tatu zina maana kuliko thelathini zisizofuatwa: pale Lualaba inaingia Haut-Lomami, pale Bukama, na pale Lufira inakaribia Kisale. Tope na samaki vipimwe pia, angalau mara moja kiangazi na mara moja masika, kwani maji ya leo yanaonyesha leo tu, lakini tope linakumbuka.

Upande wa kupunguza, njia zinajulikana: mabwawa yenye kutandikwa plastiki nzito, maji ya kiwanda kurudishwa kiwandani badala ya kutupwa, chokaa kuwekwa mbele maji hayajatoka, na kuta kukaguliwa mbele ya mvua za Oktoba. Kamina haiwezi kujenga ukuta wa bwawa la Kolwezi. Bunge la jimbo na gavana wanaweza kuomba matokeo ya ukaguzi, na kutaka mapatano na jimbo la Lualaba ili ajali ikitokea, simu ifike Bukama mbele ya maji. Mto wenye ajali unaacha saa, pengine siku, kati ya ukuta uliobomoka na kijiji cha chini. Saa hizo zinatosha kuwaambia watu wasichote.

Kuna wavuvi na wauzaji wenye kuogopa kwamba vipimo vitaua soko. Hofu hiyo ina msingi, kwani uvumi mmoja unaweza kumwachia mama beseni nzima ya samaki. Lakini uvumi unakuja hata bila vipimo, na ukija hivyo hakuna karatasi ya kuujibu. Samaki akipimwa na kukutwa mzuri, muuzaji ana cha kuonyesha. Akikutwa na shida, mvuvi ana cha kupeleka mahakamani. Leo hii, siku maji yatakapobadilika rangi pale Bukama, hatakuwa na kimoja wala kingine.