Maji Yasiyoiva: Samaki wa Mapambo na Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Ukizichunguza methali za Kiswahili zinazomtaja samaki, utaona kwamba ni nadra kumkuta akiogelea. Tunahimizwa tumkunje angali mbichi. Tunaonywa kwamba akioza mmoja wameoza wote. Samaki wa methali zetu amekwisha kuvuliwa, yumo kapuni au yu jikoni anangoja chumvi na ndimu. Hali hii haishangazi. Lugha yetu ilikulia ufukweni, na mvuvi hana haja ya kumtazama samaki aliye hai ila kwa ule muda mfupi kabla ya kumtia wavuni. Lakini leo wapo samaki ambao hawakununuliwa ili wakaangwe. Wanaishi ndani ya matangi ya kioo katika sebule za Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na hata, kama nitakavyoeleza, Marungu. Wengi wao hufa mapema, na dai la makala haya ni kwamba katika vifo hivyo sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili tuna sehemu yetu.

Kwa msomaji asiyepajua, Marungu ni kata iliyo katika eneo bunge la Voi, Kaunti ya Taita Taveta, penye barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi. Ni nchi ya vichaka, vumbi jekundu na ndovu wasiobisha hodi. Maji huko huhesabiwa kwa mitungi. Mtu akikwambia kwamba anafuga samaki Marungu, utadhani anakutania.

Mimi sikutania. Miaka miwili iliyopita, nikirudi nyumbani kutoka Mombasa, nilimnunulia mpwa wangu tangi la lita 60 na samaki 7 wa rangi ya dhahabu. Muuzaji aliwafunga katika mfuko wenye maji na hewa, nikawapakata ndani ya matatu kama mtu aliyebeba mayai. Tulipofika tulijaza tangi maji ya bomba yaliyokingwa asubuhi iyo hiyo, tukawamimina. Siku ya tatu wa kwanza alielea ubavu. Juma la pili lilipokwisha hakusalia hata mmoja. Mpwa wangu hakulia. Aliniuliza tu, "Mjomba, tuliwakosea nini?"

Usiku huo nilisoma. Nilisoma kwa Kiingereza, maana kwa Kiswahili sikupata ukurasa hata mmoja uliojibu swali la mtoto. Nikajifunza kwamba kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, na amonia ni sumu. Kwamba kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu vilevile. Kwamba bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi. Na kwamba bakteria hao wote huhitaji takriban majuma 4 hadi 6 ili wawe wengi vya kutosha katika changarawe na katika kichujio. Tangi letu halikuwa na umri wa saa moja. Aidha, maji ya bomba yalikuwa bado na klorini, ambayo hutiwa kuua vijidudu na ambayo huunguza matamvua ya samaki.

Asubuhi dada yangu akaniambia, "Kaka, wewe si ndiye msomi wa nyumba hii? Hebu nieleze, tena kwa Kiswahili, wamekufa na nini." Nikaanza, "Dada, kuna kitu kiitwacho mzunguko wa naitrojeni…" Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyepandwa na pepo. Nikaacha istilahi, nikamsimulia habari ya wale bakteria kama mtu asimuliaye ngano: wageni wawili wanaofika kwa zamu, wa kwanza akila sumu na kuacha sumu nyingine, wa pili akija kuila ile iliyoachwa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe maji yalikuwa hayajaiva."

Wasomaji wapenzi, nimesoma nadharia za uundaji wa istilahi na nimefanya mtihani juu yake. Katika kozi hiyo nzima sikuwahi kuona istilahi iliyozaliwa safi kama hiyo. Maji kuiva: kitenzi kimoja cha jikoni kinachobeba muda, subira na badiliko lisiloonekana kwa macho. Anayelisikia neno hilo anajua mara moja la kufanya, yaani kungoja. "Mzunguko wa naitrojeni" ni sahihi, lakini humwacha mfugaji mahali pale pale alipokuwa.

Baadhi ya wenzetu watadai kwamba haya si ya chama chetu. Watasema samaki ni wa Idara ya Zoolojia, nasi tuna riwaya, ushairi na isimu. Ninaheshimu hoja hiyo lakini siikubali. Kwa miaka mingi tumetetea Kiswahili kuwa lugha ya sayansi na teknolojia, na kila kongamano hurudia azimio hilo. Lugha haiwi ya sayansi kwa maazimio. Hufikia hapo siku ambapo mama wa Marungu anaweza kusoma ndani yake kwa nini samaki wa mwanawe wamekufa, bila kumngoja kaka yake arudi kutoka chuoni. Tumetunga orodha za istilahi za fizikia ambazo hazijapata kutumiwa katika sentensi nje ya orodha hizo, ilhali mambo ya sebuleni tumeyaachia Kiingereza.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ilitolewa na nyanya yangu: "Samaki asiyelika ni wa kazi gani, mjukuu wangu, na maji yenyewe ndiyo haya?" Katika nchi kame kama yetu hilo si swali la kupuuzwa. Bomba la Mzima, lililojengwa miaka ya 1950, huchukua maji ya chemchemi za Tsavo Magharibi hadi Mombasa, na mwenyeji wa Taita Taveta anajua uchungu wa kuona maji yakipita. Lakini tuhesabu. Tangi la lita 60 ni mitungi mitatu ya lita 20, mara moja tu. Baada ya hapo hubadilishwa robo ya maji kila juma, yaani lita 15. Maji yanayotolewa yamejaa nitrati, ambayo ni mbolea, na dada yangu huyamwagia sukuma wiki. Hakuna tone linalopotea. Nyanya alikubali hesabu hiyo, ingawa swali lake la kwanza halijajibiwa hadi leo.

Kosa letu kubwa zaidi, hata hivyo, lilikuwa uchaguzi. Watu wengi huchagua samaki kwa rangi, kisha huanza kutafuta maji ya kumfaa. Inafaa mtu aanze na maji aliyo nayo. Samaki wa dhahabu, anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole, hukua akapita sentimita 20 na anaweza kuishi zaidi ya miaka 10. Hupenda maji ya baridi kuliko yale ya sebule ya Voi mwezi wa Februari, na huchafua maji kuliko samaki wengi wa kiasi chake. Saba katika lita 60 ni kama familia saba katika chumba kimoja. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Sisi tulidhani methali hiyo inamfaa na samaki.

Maji ya visima vya kwetu aghalabu ni magumu, yenye madini mengi, na mengine yana chumvi ya kuonjeka. Wale samaki wadogo wa mto Amazon wanaong'aa kama taa za neoni wamezoea maji laini yenye asidi kidogo, kwa hiyo kisima cha Marungu si kwao. Gapi, samaki mdogo mwenye mkia kama leso, huyamudu maji magumu na huzaa bila kuombwa. Kwa tangi dogo huyo anatosha. Mwenye tangi la lita 200 au zaidi anaweza kufuga mbuna wa Ziwa Nyasa, ambao kwa asili huishi penye miamba katika maji magumu kiasi. Wengi wao hula mwani na huugua wakilishwa nyama nyingi. Ni wagomvi, lakini mama yao huatamia mayai kinywani kwa muda wa majuma kama matatu bila kula, na anayemwona akifanya hivyo husamehe ugomvi wote.

Neno hilo, mbuna, lina jambo la kutufunza. Ni neno la wavuvi wa Ziwa Nyasa. Leo mfugaji wa Ujerumani au Marekani hulitamka bila tafsiri, na vitabu vyao hulichapa lilivyo. Hali kadhalika neno furu, walilokuwa nalo watu wa Ziwa Viktoria kwa ajili ya wale samaki wadogo wa aina mamia. Sangara alipandikizwa katika ziwa hilo miaka ya 1950 na 1960, akaenea kwa kishindo miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zikatoweka. Baadhi ya zile zisizoonekana tena ziwani zilisalia katika matangi ya Ulaya na Marekani, zikitunzwa na watafiti na wafugaji wa nyumbani. Jina la samaki na samaki mwenyewe wamehamia ng'ambo, na huko wameandikiwa vitabu. Nasi hapa nyumbani tunamwambia mtoto kwamba hakuna Kiswahili cha mambo haya!

Karibu na Marungu yenyewe, Ziwa Chala lina perege wake asiye na asili pengine popote, ambaye wataalamu humwita Oreochromis hunteri, na Ziwa Jipe limelipa jina lake Oreochromis jipe. Wote wawili wamo katika orodha ya viumbe walio hatarini mno kutoweka. Kwa sababu hiyo, nasisitiza jambo moja kwa kila mfugaji: samaki uliyemchoka usimmwage mtoni wala ziwani. Mpe jirani. Habari ya sangara ilianza kwa ndoo.

Kuhusu maji ya bahari, msimamo wangu ni mkali na najua utawaudhi wenzangu wa Mombasa. Tangi la maji chumvi halifai nyumba ya kawaida ya kwetu. Maji yake huhitaji takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Jua likiyakausha chumvi hubaki, hivyo ni lazima yaongezwe maji baridi kila mara kwa kipimo. Umeme ukikatika usiku, pampu husimama na pumzi ya samaki hukatika nayo. Zaidi ya hayo, samaki wengi wa mapambo wa baharini hawakuzalishwa tangini. Huvuliwa matumbaweni na wapiga mbizi wenye vyavu vidogo, na biashara hiyo imeendelea katika pwani ya Kenya kwa miongo kadhaa. Miongoni mwa wanaosafirishwa kwa wingi ni yule mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni, anayewasafisha samaki wakubwa kwa kuwala vimelea wao. Tangini hana wateja, naye mara nyingi hufa njaa. Vitatange wengi hula matumbawe yenyewe na hukataa chakula kingine. Atakayeniuliza kitatange anafaa tangi la ukubwa gani, nitamjibu Watamu, ambayo pamoja na Malindi imekuwa hifadhi ya bahari tangu 1968. Huko unaweza kumtazama kupitia sakafu ya kioo ya mashua.

Lakini angalieni majina yalivyotujia bila kutafutwa: kitatange, kangaja, kikande, bunju. Mvuvi wa pwani anayajua yote, pamoja na tabia na sumu za wenye majina hayo. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayetafuta mada ya tasnifu angeweza kukaa miezi mitatu na wapiga mbizi wa Shimoni au Kilifi akarudi na msamiati ambao hakuna kamati ingeubuni. Ninaomba pia chama chetu kitoe kijitabu kidogo, kurasa 20 zinatosha, kinachoeleza kwa Kiswahili chepesi namna ya kuivisha maji, kuchagua samaki na kumlisha. Kisomwe kwanza na mzoolojia ili kisipotoshe, kisha na mtu kama dada yangu ili kieleweke. Mimi niko tayari kuandika rasimu.

Tangi la Marungu halijatupwa. Tulilijaza tena, maji yakakaa siku mbili katika beseni wazi ili klorini itoke, kisha tukalitia changarawe na mimea na kulitilia punje za chakula kila siku kana kwamba lina samaki, kwa majuma sita. Mpwa wangu aliweka alama ukutani kila jioni. Sasa lina gapi ambao idadi yao siitaji kwa sababu hubadilika kabla wino haujakauka. Juu ya kifuniko pamebandikwa karatasi ya mwandiko wa dada yangu: "Chakula kidogo, mara moja. Maji Jumamosi, yaliyolala. Mjomba akisema vingine, asisikilizwe."