MSHAHARA WA MTU MMOJA, MATUMBO SITA



Katika mkutano wa tawi uliopita, mwenzetu mmoja wa gengi la njia alisimama akasema maneno ambayo wengi wetu tulikuwa nayo moyoni, ila hatukuthubutu kuyatoa. Alisema anataka jina lake lifutwe katika chama. Makato katika karatasi ya mshahara yamezidi, na katika hayo yote ada ya chama ndiyo peke yake anayoweza kuikomesha kwa amri yake mwenyewe. Wengine walicheka, wengine wakamzomea. Sisi twaona hakustahili kuchekwa wala kuzomewa. Mtu yule si adui wa chama. Amepiga hesabu nyumbani kwake, na hesabu imekataa. Basi yafaa tuipige hesabu hiyo hiyo hapa mbele ya wote, tuone ilikataa wapi.

Tuliosoma shule ya misheni twakumbuka jinsi mwalimu alivyotufundisha kujumlisha kwanza, na kutoa baadaye. Karatasi ya mshahara yenyewe huanza na kutoa. Tumchukue mtu wa Sh. 20,000/- kwa mwezi. Mwaka 2022 mtu huyo alikatwa Sh. 750/- za bima ya hospitali na Sh. 200/- za akiba ya uzeeni, jumla Sh. 950/-. Kwa viwango vya mwaka 2025 mtu huyo huyo hukatwa asilimia 2.75 kwa hospitali, ndizo Sh. 550/-, asilimia 1.5 kwa nyumba za serikali, ndizo Sh. 300/-, na asilimia 6 kwa uzeeni, ndizo Sh. 1,200/-. Jumla ni Sh. 2,050/-. Hapo kodi ya mapato bado haijamgusa, wala deni la benki, wala la chama cha akiba na mikopo. Kwa mshahara ule ule, mkononi zimepungua Sh. 1,100/- kila mwezi.

Hatutaki kusema uongo ili tupate kulalamika vizuri. Ada ya hospitali, kwa mtu wa mshahara huo, ilipungua. Ya uzeeni ni mali yake mwenyewe, na mwajiri hutia kiasi kama hicho juu yake. Akiba ni jambo jema na hatuipingi. Lakini mtoto wa leo hawezi kula akiba ya mwaka wa sitini wa baba yake. Sufuria i mekoni jioni hii.

Sasa tuje dukani. Nyumba ya watu sita, yaani baba, mama na watoto wanne, haiendi siku bila pakiti moja ya unga wa kilo mbili. Mwezi mmoja ni pakiti 30. Tukisema pakiti ni Sh. 150/-, hizo ni Sh. 4,500/- za unga mtupu, kabla ya mboga, chumvi, mafuta na makaa. Bei ikipanda Sh. 10/- tu, mwezi umekula Sh. 300/- zaidi. Mwaka 2022 pakiti ilipita Sh. 200/-. Serikali iliishusha mpaka Sh. 100/- kwa majuma machache kabla ya uchaguzi wa Agosti, kisha ikarudi juu. Mwaka 2023, mwezi wa Julai, kodi ya mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na ilipofika Septemba lita moja ya petroli ikapita Sh. 200/-, na mafuta ya taa nayo vivyo hivyo. Mafuta yakipanda, kabeji inayoteremshwa kutoka Wundanyi hupanda, ndizi ya Taveta hupanda, na nauli ya bodaboda kutoka Ndara mpaka Voi hupanda. Na katika wakati huo wote, tangu Mei 2022 mpaka Novemba 2024, mishahara ya chini iliyowekwa na serikali haikuongezwa hata senti moja. Bei ya unga ilishuka baadaye, ni kweli. Deni lililokopwa wakati wa bei kubwa halikushuka nayo.

Mtu akiuliza, "Basi mnaishije?" twamjibu: tunaishi. Tena wakubwa wakituona tunakuja kazini tumefua nguo na kupiga viatu rangi, husema mshahara unatosha, maana hakuna aliyekufa. Hapa ndipo pana jambo ambalo twataka lisomwe kwa makini. Mambo ya nyumbani hayaendi bure. Yuko mtu anayelipa. Tumtazame ni nani.

Kwanza analipa mama. Huyu ndiye aliyeacha kununua mafuta kwa chupa akaanza kununua ya kupimiwa, kidogo kidogo, ya Sh. 20/-. Anajua ya kwamba mafuta ya kupimiwa, mwisho wa mwezi, yana bei kubwa kuliko ya chupa, lakini pesa za chupa hazimo mkononi siku hiyo. Huyu ndiye aendaye shamba Ndara alfajiri kupanda mahindi, pojo na kunde mvua za vuli zikikaribia. Mvua zikikataa, kama zilivyokataa misimu mitano mfululizo kutoka mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022, jasho lake limepotea. Zikikubali, ndovu wa Tsavo huja usiku mmoja wakavuna kabla yake. Hata hivyo msimu ukifuata hurudi na jembe. Debe mbili za mahindi anazoleta nyumbani haziandikwi katika karatasi yoyote ya mshahara, lakini ndizo zinazomfanya mwajiri aone mshahara wake unatosha.

Tena mama huyu ndiye mwenye kuamka kutafuta maji. Maji ya chemchemi za Mzima hupita kwa bomba kwenda Mombasa tangu miaka ya 1950, na sisi tunaokaa katika wilaya yanakotoka kuna siku tunayanunua kwa mkokoteni, mtungi kwa mtungi. Ndiye pia aliyeshika vyama vya kuzungushiana pesa, ambavyo bila hivyo watoto wengi wangalirudishwa nyumbani kutoka shule.

Wa pili anayelipa ni mtoto. Chai ya maziwa imekuwa chai ya rangi. Maharage yamekuwa ya Jumapili. Kimanga, ambacho bibi zetu walipika kwa muhogo na maharage mengi, sasa ni muhogo, na maharage ni ya kuhesabu.

Wa tatu ni sisi wenyewe, nasi tunalipa kwa deni. Tuna daftari la mwenye duka, na tuna mikopo ya simu. Mkopo wa simu ni rahisi kuupata kuliko kikombe cha maji: bonyeza, umepata. Mshahara unaingia saa nne, na saa nne na dakika moja simu imekwisha kujilipa. Tunakopa tena jioni ile ile. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Siku hizi harusi na matanga vimekuwa siku moja.

Basi, ndugu, tukisema "tunajikaza," maana yake mama amejikaza, mtoto amejikaza, na mshahara wa mwezi ujao umekwisha kuliwa. Kujikaza si dawa. Ni njia ya kumfichia mwajiri hesabu ya kweli.

Neno hili si jipya katika reli. Wazee wetu walilijua. Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa, wa bandari na wa reli na wa majumbani, waligoma pamoja kwa sababu vitu vilikuwa ghali na mishahara midogo, na katika mgomo huo likazaliwa shirikisho la wafanya kazi Waafrika lililoongozwa na Chege Kibachia. Yeye alifungiwa mbali na watu wake kwa miaka mingi, lakini baraza lililoundwa baada ya mgomo liliona ya kwamba mishahara haina budi kuongezwa. Mwaka 1954 kamati ya serikali ya kikoloni yenyewe, chini ya bwana Carpenter, iliandika ya kwamba mshahara wa chini ulikuwa ukihesabiwa kwa mahitaji ya mtu mmoja asiye na mke wala mtoto. Wakoloni walidhani mke yuko shamba, atajilisha mwenyewe na watoto, na mume akizeeka atarudi kulishwa naye. Kamati ikashauri mshahara uhesabiwe kwa mtu na jamaa yake.

Miaka zaidi ya 70 imepita tangu taarifa ile. Bendera ilibadilishwa mwaka 1963. Reli mpya ilifunguliwa mwaka 2017, na stesheni yake ya Voi inang'aa. Lakini mshahara wa wengi wetu bado unategemea jembe la mama pale Ndara, kama vile mwaka 1954. Hilo ndilo jambo tunalopaswa kulipeleka mezani.

Na tutalipelekaje? Hapa twapaswa kujikosoa sisi wanachama, na kamati yetu pia. Wajumbe wetu wakienda kuzungumza na mwajiri husema, "Maisha ni magumu." Mwajiri hujibu, "Hata kwetu ni magumu." Mazungumzo yamekwisha. Serikali hutoa hesabu ya bei kila mwezi, lakini ni hesabu ya nchi nzima, haisemi jerikeni ya maji ilikuwa bei gani Ndara siku bomba lilipokauka. Hesabu hiyo ni sisi tu tulio nayo, na hatujaiandika.

Tena hatuwezi kuiandika, kwa sababu wengi wetu waume hatuwaonyeshi wake zetu karatasi ya mshahara. Twasema ukweli mchungu. Tunaificha katika koti la kazi. Tunampa mama kiasi tunachopenda, naye hajui kama tumempa nusu au robo, na zinazobaki tunazijua sisi na wenye vilabu. Mtu anayemficha mkewe hesabu, atamdaije mwajiri hesabu iliyo wazi?

Kwa hiyo sisi twaleta mashauri matatu mbele ya tawi.

La kwanza: kila nyumba iweke daftari la matumizi kwa miezi mitatu. Daftari la shule la bei ndogo latosha. Mama na baba waandike pamoja kila kitu kilichonunuliwa, bei yake, na kila kitu kilichotoka shamba bila kununuliwa, na bei ambayo kingalinunuliwa. Wasioandika wasaidiwe na watoto wao. Mwisho wa miezi mitatu kamati ikusanye bila majina, ijumlishe, na hesabu hiyo ndiyo iwe karatasi ya kwanza mezani siku ya mkataba.

La pili: tununue pamoja. Mtu mmoja hawezi kununua gunia la maharage wala la mahindi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Watu ishirini wanaweza, na kusaga kinuni kwa pamoja. Kina mama wana vyama vyao na wanajua uaminifu wa kila mtu. Wao ndio washike hazina hiyo, si sisi.

La tatu: kabla ya mwanachama kugusa mkopo wa simu, aulize kwanza chama cha akiba na mikopo. Na chama hicho kiache kumzungusha mtu mwezi mzima kwa mkopo mdogo wa ugonjwa au wa shule. Tukiwa wazito kuliko simu, tusimlaumu anayekimbilia simu.

Sasa twarudi kwa ndugu yetu wa gengi. Ndugu, hasira yako ni ya haki, na kamati imekupa sababu, maana ni muda mrefu haijasimama mbele yako kueleza ada yako imefanya nini. Hilo lirekebishwe, na lirekebishwe katika mkutano ujao. Lakini piga hesabu mpaka mwisho. Ukiacha ada, utapata unga wa siku ngapi? Na tukipata kwa umoja nyongeza ya Sh. 1,000/- tu, hiyo ni karibu pakiti saba, yaani juma moja la unga, kila mwezi, kwako na kwa mwenzako na kwa kijana atakayeajiriwa baada yako. Makato mengine yote uliyoyataja hayana mtu wa kuyajadili kwa niaba yako. Ada hii ndiyo inayonunua sauti. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Njoo mkutanoni na daftari. Na wewe usiyetaka kuja, mpe mama daftari aje nalo. Twaamini yeye atasema kwa ufupi kuliko sisi, na mwajiri atashindwa kumjibu.