Kompyuta Ikizimika, Usitafute Mchawi

Juzijuzi nusura kompyuta ituvunjie amani ya nyumba. Sitanii!

Naandika, ghafla skrini inageuka bluu, mashine inajiwasha upya, kazi ya saa mbili imekwenda na maji. Ikarudia. Siku ya nne, jarida linatakiwa mtamboni, nikamgeukia mume wangu: "Ni hayo magemu yako!" Naye akajibu: "Mama Neema, kwani mimi ndiye ninayefungua vitu hamsini kwa mpigo?" Tulilala mzungu wa nne.

Kesho yake akaniita. "Njoo tuiulize yenyewe."

Kumbe ndani ya kila kompyuta kuna kiini cha mfumo, wataalamu wanakiita keneli. Ndicho kinachogawa memori na kuongoza diski, kibodi na vifaa vingine. Programu ya kawaida ikikosea inafungwa, maisha yanaendelea. Keneli ikikuta kosa isiloweza kulirekebisha, inasimamisha mashine nzima makusudi, isije ikaharibu mafaili yako. Unaikumbuka 19 Julai 2024? Sasisho moja bovu la kampuni ya CrowdStrike, ambayo programu yake ya ulinzi ina sehemu inayofanya kazi ndani ya keneli, liliangusha kompyuta za Windows kama milioni 8.5. Ndege nyingi hazikuruka siku hiyo.

Mwenzangu alikuwa ameandika kwenye kijidaftari jina la kosa kila skrini ilipogeuka bluu. Kosa likiwa lilelile kila mara, akasema, mshukiwa wa kwanza ni dereva, yaani programu inayoendesha kifaa fulani. Likibadilikabadilika, shuku memori au joto. Letu lilibadilika kila siku.

"Kuna kitu kilibadilishwa kabla haya hayajaanza?"

Nikameza mate. Wiki chache nyuma nilimpa fundi aongeze kijiti cha memori cha bei chee. Sikumwambia mtu.

Tukanakili kwanza mafaili yetu kwenye diski ya pembeni. Kisha tukaweka Memtest86+ kwenye flashi, mashine ikapimwa usiku kucha. Asubuhi, mistari myekundu! Tukatoa kijiti kipya na kupima tena: safi. Tukakiweka peke yake kwenye tundu la kile cha zamani: makosa yakarudi. Hapo tukajua kibovu ni kijiti, si tundu. Siri ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na tatizo likaisha, hutajua kipi kilikuwa kibaya.

Nikamwomba radhi mume wangu, kijiti kikiwa mkononi. Akacheka: "Kumbe mchawi ulimnunua mwenyewe dukani!"

Kijidaftari kile bado kipo mezani. Siku hizi mambo yakiharibika, hata yasiyo ya kompyuta, naanza kwa kujiuliza mimi nilibadilisha nini. Si rahisi, lakini hatujalala tena mzungu wa nne.

Tukutane mwezi ujao!