Chama Kisiwasahau Waliotangulia



Huko Marekani, zamani mchezaji wa besiboli wa ligi kuu hakupata pensheni asipotimiza miaka minne. Mwaka 1980 chama chao kilipatana na matajiri kuwa siku 43 zatosha. Vema! Lakini waliokwisha kuacha kazi hawakutiwa. Aliyecheza miaka mitatu na nusu alibaki mikono mitupu, na kijana wa siku 43 akapata. Tangu 2011 wengi wao hupewa fedha kidogo kila mwaka, nazo hukoma wakifa. Mjane hapati kitu.

Ndugu zangu, waliosahau si matajiri peke yao, ni chama pia. Sisi wa reli tukipatana juu ya pensheni, tuulize kwanza: na wazee waliotoka jana, je? Wao walilipa ada kabla yetu.