Anayeinama Kwenye Lundo la Kokoto

Tanga, mtu akichuchumaa kando ya kokoto zilizomwagwa na tipa asubuhi, akaanza kuzipindua moja moja, wapita njia watamkatia hukumu moja kati ya mbili. Ya kwanza, hamnazo. Ya pili, ana tamaa: amesikia habari za Saniniu Laizer, mchimbaji wa Mererani aliyeiuzia Serikali vipande viwili vya tanzanaiti mwezi Juni 2020, kimoja cha kilo 9.2 na kingine cha kilo 5.1, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7, basi naye anadhani bilioni zake zimo kwenye mzigo wa fundi. Hukumu hizo zimezaliwa tumbo moja. Zote zinaamini kuwa jiwe ama ni mabilioni ama ni takataka, na kwamba la maana liko chini ya ardhi tu, penye shimo, kamba na wanaume waliojaa vumbi. Mimi nasema sivyo, na sihitaji kwenda mbali na Tanga kutafuta ushahidi.

Tuanze na hilo la shimo. Tanzanaiti yenyewe haikuanzia shimoni. Jumanne Ngoma, ambaye Serikali ilimtambua rasmi mwaka 2018 kuwa mgunduzi wake, aliyakuta mawe yale juu ya ardhi mwaka 1967. Mashimo yalikuja baadaye, watu walipoanza kuufuata mkanda wa madini hayo kuelekea chini. Huku kwetu, bonde la Umba, kaskazini mwa mkoa karibu na mpaka wa Kenya, limejulikana tangu miaka ya 1960 kwa yakuti za rangi nyingi na garneti, na garneti hizo wachimbaji wadogo wamezipata kwenye changarawe, kwa sepetu na chekeche. Si bahati nasibu. Mwamba ukiliwa na jua na mvua kwa miaka isiyohesabika, madini yaliyo laini husagika yakawa udongo, magumu hubaki. Maji huja kuchambua yaliyobaki. Kwatzi, madini ya mchanga wa kawaida, ina uzito unaozidi kidogo mara mbili na nusu ya maji ya ujazo uleule, garneti inakaribia mara nne. Kwa hiyo mto ukipunguza mwendo, garneti hutangulia kutua na mchanga wa kawaida huendelea na safari. Anayesema kokoto za mtoni ni uchafu wa mwamba ameigeuza habari yote juu chini. Zile ni masalio ya mchujo.

Umba ina kisa kingine kinachowahusu wale wanaosema jiwe ambalo dalali amelikataa litupwe. Miaka ya 1960 madalali walikuwa wakitafuta garneti aina ya rodolaiti, ile yenye wekundu wa zambarau. Kati yake zilikuwa zikitokea nyingine za rangi ya chungwa lililochanganyika na waridi. Hazikufanana na zilizoagizwa, zikawekwa kando, zikabandikwa hata jina la matusi. Baadaye wataalamu wakazipima wakakuta ni mchanganyiko wa aina yake, bei ikapanda, na leo wanunuzi wa Ulaya na Marekani wanazitafuta kwa jina lilelile la matusi, malaya, ingawa wengine kwa haya huandika malaia. Jiwe lilikuwa halijabadilika hata chembe. Nawauliza wanaomtegemea dalali kuwa hakimu wa mwisho: siku ile alipozitupa pembeni, alikuwa hakimu wa nini?

Hata hivyo sitaki kuuza mbuzi kwenye gunia. Kokoto hazilingani, na anayekwenda kutafuta akiki kwenye lundo lolote la Tanga atarudi mikono mitupu. Kokoto nyingi za mjini ni za mawe ya chokaa, ndugu wa yale ya mapango ya Amboni, yaliyotokana na matope na makombe ya bahari ya kipindi cha Jurasiki. Humo utapata mishipa myeupe ya kalsaiti na, ukiwa na jicho, visukuku vya viumbe wa baharini. Akiki mara nyingi hujijenga ndani ya vitundu vya miamba ya volkano, silika ikijipaka tabaka juu ya tabaka, na ukanda huu wa pwani hauna volkano. Njia iliyo wazi ya kufikisha jiwe la volkano hapa ni mto Pangani, unaopokea maji ya Kilimanjaro na Meru. Lakini changarawe yake siku hizi inakwama kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, kabla hata haijafika Hale. Kwa hiyo ukiona akiki kwenye bustani ya hoteli Raskazone, uliza kwanza mawe yamenunuliwa wapi.

Kokoto za kijivu zinazotoka bara, upande wa Muheza na Korogwe, ni habari nyingine. Mwamba wa huko ni wa kale sana, ulipikwa na kukandamizwa ndani kabisa ya ardhi, ndio uliojenga milima ya Usambara. Lichukue jiwe moja lililopasuliwa karibuni, liloweshe, ulielekeze kwenye jua la saa nne. Kwenye mistari ya weusi na weupe utaona vidoti vyekundu vimejipanga kama punje za komamanga. Hizo ni garneti. Nyingi zina nyufa, ni ndogo kuliko kichwa cha kiberiti, na hakuna sonara atakayezitazama mara mbili. Lakini ni garneti halisi, na umekuwa ukizikanyaga kwenye njia ya kwenda chooni.

Wapo wanaozijua bila kuzisomea. Akina mama wanaoponda kokoto kwa mkono hukaa kwenye kivuli cha turubai, jiwe wamelizungushia kitanzi cha mpira wa tairi ili vipande visiruke machoni, nyundo inashuka. Mmoja nilimwamkia, nikamsogezea jiwe jeupe nililoliona zuri. "Hilo usinipe, mwanangu," akasema bila kuinua kichwa. "Hilo linatoa cheche, linanilia nyundo bure. Nipe lile lenye mistari, linafuata njia." Alikuwa ametenganisha kwatzi, lile jeupe, na naisi, lile lenye mistari, kwa mkono na sikio, jambo ambalo wengi tuliopasi jiografia hatuliwezi.

Majaribio mengine ni ya jikoni. Kwangua chupa ya soda: kwatzi, akiki na garneti zitaacha mchirizi kwenye kioo, jiwe la chokaa halitaacha kitu. Likwangue jiwe jeupe upate unga, udondoshee ndimu. Ukitoa povu, hiyo ni chokaa hata kama muuzaji wa mapambo ya bustani amekuapia kuwa ni kito. Lishike mbele ya tochi ya simu: akiki hupitisha mwanga kwenye kingo zake. Mvua ikishaosha lundo ndiyo saa nzuri, kabla fundi hajaanza kuchanganya zege.

"Sasa utalifanyia nini kama haliuziki?" Swali hili huulizwa kwa ushindi, kana kwamba limemaliza mjadala. Babu zetu wa pwani hii walivaa shanga za akiki nyekundu zilizochongwa Khambhat, magharibi mwa India. Zimefukuliwa kwenye miji ya kale kama Shanga na Kilwa. Mpaka leo mzee wa Tanga mwenye pete ya fedha yenye akiki ya Yemen haivui, na ukimwuliza bei atakuona huna adabu. Kwa wanaosikia lugha ya mikataba tu, kuna mchanga wa Tajiri, kusini mwa jiji la Tanga: ile michirizi myeusi na myekundu ambayo watoto huichorea vidole ufukweni. Ndani yake kuna ilmenaiti, zirkoni, rutili na garneti, na Desemba 2021 Serikali ilitia saini makubaliano na kampuni ya Strandline yaliyoipa nchi hisa asilimia 16 katika ubia wa kuuchimba. Miaka yote mchanga ule ulikuwa wa kujengea vibanda vya kitoto tu.

Kuokota kwa ajili ya kuangalia kusichanganywe na biashara. Madini ni mali ya umma, na kwa Sheria ya Madini ya 2010 huwezi kuyachimba au kuyauza bila leseni. Na mwenye kokoto aombwe ruhusa. Ni mali yake hata ikiwa hajui alichonunua.

Hoja ya mwisho ni ya fundi mwenyewe, anayekuja juu: mradi ni ngumu, kokoto ni kokoto. Mwaka 1940, kule California, mhandisi Thomas Stanton alieleza kwa nini zege imara lilikuwa likipasuka lenyewe. Baadhi ya mawe yaliyomo yalikuwa na aina ya silika inayopambana na magadi yaliyo ndani ya saruji. Hutengenezwa ute unaofyonza maji, unavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Miongoni mwa mawe yanayoogopwa kwa sababu hiyo ni opali na kalsedoni, na akiki ni kalsedoni yenye mistari. Jiwe analolilia mkusanyaji ndilo mhandisi hataki kulisikia. Maabara za vifaa vya ujenzi hupima kokoto kabla ya kazi kubwa kumwagwa, na moja ya hatua zake ni mtaalamu kuinama na kuzitazama, aina kwa aina, zikiwa zimepasuliwa. Fundi anayesema mawe yote ni sawa aende akamwambie hivyo anayejenga daraja.