Wanaogombea kanisa la kweli waikumbuke Namugongo



Ubishi wa kanisa lipi ndilo la kweli umepamba moto tena, hadi misibani. Mkatoliki anataja urithi wa mitume, Msabato siku ya Jumamosi, Mpentekoste ubatizo wa maji mengi. Ni mambo mazito na sisemi tuache kuyajadili. Kinachoniuma ni kumwita jirani mpagani kwa ajili ya mambo hayo.

Pale Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni 1886, vijana wa Kikatoliki na wa Kianglikana walichomwa moto pamoja kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Katika mauaji ya miaka ile wanahesabiwa mashahidi Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Wauaji hawakujali nani alifundishwa na padri Mfaransa na nani na mmisionari Mwingereza.

Yaliyofuata yanasikitisha zaidi. Januari 1892, kabla hata ya miaka sita kupita, Wakatoliki na Waanglikana walipigana Mengo, makao makuu ya Kabaka. Kapteni Lugard, afisa Mwingereza, aliwaunga mkono Waanglikana, na kanisa la Wakatoliki kule Rubaga likateketezwa. Siasa na ubeberu vilikuwemo, ndiyo, lakini waliouana walikuwa waumini.

Papa Paulo VI alipowatangaza wale 22 kuwa watakatifu mwaka 1964, aliwakumbuka pia Waanglikana. Nawaomba mapadri na wachungaji wetu waifundishe historia hii katika madarasa ya kipaimara na ubatizo, kabla ya kuwafundisha watoto makosa ya kanisa la jirani.

Msomaji wenu,
Bukoba